Picha ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mwanangu Fathi amelala, hatimaye. Joto la leo lingepika ugali. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali nakisema tu, kalamu nilifundishwa kwa Kiswahili, mpaka darasa la nane, basi.

Mume wangu Kadar, fundi wa tovuti, amepata kazi kubwa! Ni ya shirika la mifugo la mzee Bare. Wafugaji hujisajili kwenye tovuti yao ili wapate majani na chanjo wakati wa ukame. Sasa wakili amemwandikia Bare barua: sheria inataka hata mtu asiyeona aweze kujisajili mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Tovuti yao haiwezi. Kadar airekebishe, kisha mtu asiyeona aijaribu na atie sahihi kwamba imepita. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Nikasema mashallah. Nikauliza, na huyo wa kujaribu ni mzee gani?

Kadar akasema, "Si mzee. Ni dada mmoja, anaitwa Idman."

Idman!

Jumanne, 2 Septemba

Kadar hurudi nyumbani kula. Leo sikumngoja, nimempelekea chakula ofisini kwake, mtaa wa Galbet, Fathi mgongoni, mimi na buibui ya Idi na manukato. Kujipamba kwa ajili ya mtu asiyeona — Weris, una akili wewe?

Idman ni mzuri. Niandike tu ukweli. Mrefu, vidole vya kushika kalamu. Amesoma mpaka chuo. Simu yake inamsomea kila kitu kilicho kwenye skrini, haraka haraka kama dalali wa soko la mbuzi, na yeye anaelewa.

Akanisikilizisha tovuti ya zamani. Simu ikasema: kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.

"Nilitaka kusajili mbuzi wa mama yangu," akasema. "Nikabonyeza cha tatu. Abaayo, dada yangu, wiki nzima tovuti ilinijua kama dereva wa lori la majani!"

Kadar alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia najua vichekesho. Kwangu hajacheka hivyo tangu mtoto azaliwe.

Anamwita Kadar "walaal". Kaka! Nilihesabu. Mara kumi na moja, na wali haujaisha kwenye sahani.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia Sahara, jirani yangu muuza maziwa. Kosa langu. Kasema "walaal" ndio mlango wenyewe, ukishafunguliwa mtu anaingia na sanduku lake.

Baba yake Kadar ana wake wawili. Kaka yake ana watatu. Kadar aliniambia mimi namtosha. Alisema zamani. Zamani yenyewe ni miaka miwili.

Alhamisi, 4 Septemba

Amechukua mtandio wangu akajifunga macho! Ati ajaribu tovuti kama Idman anavyoijaribu. Amekaa saa mbili, skrini imezimwa, anasikiliza tu. Siku naumwa uchungu wa Fathi hakuweza kukaa dakika mbili.

Halafu akataka kunywa maziwa vilevile, macho yamefungwa. Yote kwenye mkeka. Ya ngamia, ya asubuhi!

"Sasa najua kidogo," akasema.

Nikamwambia ajue pia kitambaa cha kupangusia kiko wapi.

Jumamosi, 6 Septemba

Alhamdulillah, leo nimefurahi. Nieleze pole pole.

Kila picha ya tovuti inawekewa maneno nyuma yake. Mwenye macho haoni maneno hayo. Ni simu ya asiyeona tu inayoyasoma. Kadar aliandika ya kwanza: "Ngamia." Ya pili: "Ngamia." Idman akamuuliza ngamia gani, amelala, amekonda, mbona unaninyima? Kadar kazaliwa mjini. Kwake ngamia ni ngamia.

Ndipo akamwambia Idman, "Mke wangu ametoka upande wa Elwak. Amekua nyuma ya ngamia."

Alinitaja! Mbele yake! Na kazi amenipa mimi. Picha arobaini. Nakaa kwenye kompyuta ya pembeni, Fathi mapajani anagonga vitufe vyake. Labda nami naweza kuwa mtu wa kazi. Labda nirudi shule siku moja, nani ajuaye.

Kwenye moja kuna mama anavuta maji kisimani. Niliiangalia sana. Nikaandika: "Mama anavuta ndoo, kamba imemla viganja. Ameamka kabla ya wote na hakuna aliyemuuliza kama yeye ana kiu."

Jumatatu, 8 Septemba

Aibu! Bare alikuja kusikiliza. Simu ya Idman ikaanza na ngamia wangu: jike, mimba ya miezi kama kumi, nundu imelegea kwa njaa, shingoni ana alama ya moto ya ukoo — na alama nikaitaja ilivyo.

Bare akashika kichwa. "Ya Allah! Toa hiyo! Kesho koo zingine zitasema majani yote ni ya ukoo mmoja!"

Kwetu alama ndiyo kitu cha kwanza kusema kuhusu ngamia. Kabla ya rangi. Utasemaje habari za ngamia bila kusema ni wa nani? Sikuwaza kabisa. Nilitamani ardhi inimeze na Fathi wangu.

Ni Idman aliyeniokoa. "Adeer, mzee wangu, tutoe alama peke yake. Hayo mengine asiguse mtu. Mimi leo nimemwona huyo ngamia mpaka mimba yake."

Bare akakubali. Kadar akamwangalia Idman. Vile alivyomwangalia! Alipaswa kuniangalia mimi, ngamia ni wangu.

Nimerudi nyumbani na hasira zaidi kuliko nilivyoenda. Afadhali Idman angenicheka.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemaliza arobaini. Kadar alikuwa ameenda kuswali, Idman bado hajafika.

Kumbe kuna ya arobaini na moja. Ukurasa wa watu wa shirika. Idman ameketi mbele ya kompyuta, mtandio wa kijani. Na maneno yapo tayari. Ya Kadar! "Idman amegeuza uso kidogo. Anatabasamu kama mtu aliyesikia habari njema kabla ya wenzake."

Ngamia, neno moja. Huyu, shairi!

Nikafuta. Nikaandika: "Mwanamke kipofu. Ameletwa kwa sababu ya sheria tu."

Nikahifadhi. Nikafunga. Kadar aliporudi akauliza, umemaliza mpenzi? Nikasema ndiyo.

Mkono wangu unanuka. Nimenawa mara mbili.

Jumatano, 10 Septemba

Kadar amerudi mapema, uso umeanguka.

Anasema Idman alisikiliza yote leo. Alijisajili mwenyewe kwa dakika nne, akapiga makofi. Akasikiliza picha, akacheka, mahali pengine akajifuta macho. Halafu akaacha kucheka. Akarudisha simu nyuma, akasikiliza tena. Akaitia kwenye mkoba. Sahihi hakutia.

Kadar akamuuliza kuna nini, walaal? Akajibu, "Nimeelewa, Kadar," akaita tuktuk akaondoka.

Nilidhani siku atakapomwita jina tupu, bila "walaal", nitasikia utamu. Nilisikia. Muda wa sukari kuyeyuka kwenye chai.

Kadar amekagua vitufe vyote, kimoja kimoja. Picha hakukagua. Kwa macho picha ni picha tu. Anajiuliza amemkosea nini. Hali chakula. Kazi yote inategemea sahihi ile, na mwisho ni Ijumaa.

Nikafute? Ufunguo wa ofisi anao yeye. Na nikifuta kwenye kompyuta, kwenye sikio la mtu nitafuta na nini?

Alhamisi, 11 Septemba

Yuko hapa. Idman. Nyumbani kwangu!

Nilisikia fimbo mlangoni, kisha salamu. Nikajibu kabla ya kufikiri. Nimemkalisha kwenye mkeka. Fathi, msaliti, alitambaa moja kwa moja mpaka kwake. Sasa yuko mapajani mwake anavuta mtandio. Mimi niko jikoni. Kadar yuko kwa Bare, anaomba siku za nyongeza.

Hakuanza na Kadar. Aliniuliza, "Yule mama wa kisimani ni nani?"

Nikasema ni mwanamke tu wa pichani.

"Hapana. Huyo unamjua."

Nikasema... nikasema amefanana na hooyo. Mama yangu. Alikufa mwaka niliotoka shule. Sijui kwa nini nilimwambia. Hata Kadar sijamwambia kwamba niliandika nikilia.

Akasema mpaka leo watu humwelezea vitu wakiviremba, au wakivifupisha wakidhani atachoka. Mimi nilimpa kitu kama kilivyo. Ndiyo maana amekuja kwangu, hakwenda kwa mwingine.

Kisha akaniambia maneno ya picha yake. Anayakumbuka yote. Anadhani ni ya Kadar, maana mimi nilipewa arobaini tu.

"Abaayo, wewe huongezi wala hupunguzi. Basi niambie. Hapa nyumbani Kadar husema hivyo juu yangu? Kwamba nimeletwa kwa sababu ya sheria tu? Nikisikia kwako nitaamini. Sitamchukia. Ila sahihi sitatia, na ofisini kwake sitarudi tena."

Hatarudi! Ndicho nilichoomba siku zote hizi. Ndiyo moja tu, neno dogo, na imekwisha.

Nikamwambia ngoja nilete chai.

Chai imechemka. Nikaipunguzia moto, nikatia iliki, nikaichochea tena. Vikombe viwili nimeviosha, vilikuwa safi. Huko chumbani anamwimbia mwanangu, na mwanangu anacheka kile kicheko cha tumboni, ambacho nilidhani anacho kwangu tu.

Anaita. "Weris? Unahitaji msaada huko?"

Nimesema nakuja.

Naweka kalamu, nashika sinia —