Meli Tuliyoichagua kwa Mashuka

Ghorofa ya tatu, nyumba ya kona,
Mtaa wa nyuma ya kituo cha treni.

Jumapili, tarehe tisa Machi,
mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote, goti lako la kushoto linaendeleaje? Nauliza goti kwanza kwa sababu wewe mwenyewe ukiulizwa utasema hujambo hata kama umelala kitandani. Goti halijui kudanganya. Na macho? Umepata miwani mpya, au bado unazisoma barua zangu ukiwa umesimama dirishani? Nimeandika kwa herufi kubwa, ikiwa bado hujaipata.

Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wiki mbili za baridi, kisha kikachoka kabla yangu. Ngazi zote bado nazipanda mwenyewe, ingawa siku hizi nasimama ghorofa ya pili nikijifanya natafuta funguo mfukoni. Naendelea kusoma. Maktaba ya mtaa sasa inaniruhusu kuazima vitabu kumi badala ya sita, na msimamizi wake ananiita Profesa, jambo ambalo sijapata nafasi ya kulikanusha.

Habari kubwa ya nyumbani ni kwamba binti yangu amefanywa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Alituambia akiwa anaosha vyombo, ametupa mgongo, kana kwamba anatuambia sabuni imekwisha. Nilimwomba arudie, si kwa kuwa sikusikia. Laiti marehemu wifi yako angekuwepo, angetoka na mwiko mkononi kwenda kuwatangazia majirani.

Sasa nije kwenye jambo unalolisubiri. Najua mwanangu alikupigia simu mwezi uliopita, akakwambia kwamba mwezi wa nane, nitakapotimiza miaka sabini na mitano, wamepanga tusafiri sote kwa meli ya kitalii, safari ya kwanza ya aina hiyo katika ukoo wetu. Akakwambia pia kwamba meli hiyo itafunga gati bandarini kwetu kwa saa nane, na wewe utatusubiri langoni. Mlikubaliana iwe siri. Siri hiyo ilidumu mpaka ulipozungumza na binti yangu ukamuuliza kama bado napenda rangi ya samawati, uivae siku ya kutupokea.

Meli hiyo hatuipandi. Tafadhali usikunje barua hapa. Soma mpaka mwisho, kisha unikasirikie ukipenda. Haki hiyo unayo tangu utotoni na umeitumia vizuri.

Unajua kwamba nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha kufulia nguo cha bandari ya hapa. Kazi yenyewe sikuwahi kukueleza, nadhani kwa aibu. Mtu aliyekuwa mhariri huko nyumbani, akisahihisha maandishi ya watu wazima wenye vyeo, akijulikana kwa kalamu yake nyekundu, ataandikaje nyumbani kwamba anakunja mashuka? Aibu hiyo ilikwisha zamani, sijui mwaka gani hasa. Meli ya abiria ilikuwa ikifunga gati alfajiri, ikitushushia mashuka elfu nne, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeyarudisha yakiwa meupe, makavu, yamekunjwa mara nne, pindo kwa ndani ili kona zisichakae. Hakuna meli hata moja iliyochelewa kuondoka kwa sababu yetu. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga sitaha ya yoyote kati ya hizo. Meli pekee niliyowahi kuipanda ni ile ya mizigo iliyonileta huku.

Basi Jumamosi moja mchana wanangu walikuja na vijitabu vya kampuni mbili wakaviweka mezani, wakasema tuchague kwa pamoja. Meli ya kwanza ni kubwa, ina sitaha kumi na mbili, mabwawa matano ya kuogelea na bomba la kuteleza linalozunguka mpaka unasahau jina lako. Ya pili ni ndogo, sitaha saba, inaelekea kaskazini kwenye visiwa ambako mwezi wa nane watu huvaa sweta. Tukaziita Kubwa na Ndogo.

Ungetuona ungecheka. Kila mtu alikisoma kijitabu kwa jicho la kazi yake. Binti yangu hakutazama mabwawa. Alitaka kujua zahanati ya melini ina vitanda vingapi na kama daktari ni mmoja au wawili. Mwanangu, ambaye ni fundi wa lifti, alikuwa ameshaziandikia kampuni zote mbili kuuliza lifti zao zilikaguliwa lini mara ya mwisho. Ndogo walimjibu siku ya pili, wakampa tarehe na jina la fundi. Kubwa walimshukuru kwa kuwachagua. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, yule tunayemwita Wakili kwa sababu hata kunawa mikono hubishania, alisoma maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, akagundua kwamba bomba la kuteleza la Kubwa ni la watu waliozidi kimo fulani. Kimo chake kimepungua kwa upana wa vidole viwili. Akatangaza kwamba kesi ya Kubwa imeanza vibaya.

Niliwatazama watatu hao wakibishana juu ya meza niliyoinunua ikiwa na miguu mitatu. Nilikuwa na fahari ambayo sikuwa nimeionja tangu siku nilipopata ufunguo wa nyumba hii. Hakuna kijitabu kitakachowadanganya hawa.

Zamu yangu ilipofika niliwaomba wanipe wiki moja. Nilikwenda kwa mwenzangu wa zamani, tuliyemwita Mvuke kwa kuwa alishinda kwenye mashine ya kunyooshea, naye bado yuko kiwandani kama mlinzi wa mlangoni asiyestaafu. Kwa ruhusa ya msimamizi aliniazima mashuka manne: mawili ya Kubwa, mawili ya Ndogo. Kila kampuni hushona uzi kwenye kona, wa buluu kwa mashuka ya abiria, mwekundu kwa yale ya wafanyakazi wa meli. Mtu wa nje haoni uzi huo. Mimi huo ndio niliokuwa nikiutazama kwanza kabla ya kukunja.

Jumamosi iliyofuata niliyatandika mezani. Mashuka ya abiria hayakuwa na tofauti, mazito na laini yote mawili. Nikampa binti yangu lile la mfanyakazi wa Kubwa, nikamwambia aliinue dirishani. Alipolinyanyua mbele yake niliuona uso wake wote kupitia kitambaa, mpaka miwani. Karibu na uzi mwekundu palikuwa na vitundu vidogo, mahali uzi wa buluu ulipong'olewa. Yaani shuka hilo lilitumiwa na abiria mpaka likaisha, kisha akapewa kulalia yule anayefagia chumba cha abiria. La mfanyakazi wa Ndogo lilikuwa sawasawa na la abiria wake, jipya vilevile, isipokuwa rangi ya uzi.

Niliwaambia kwamba kijitabu huandikwa na mtu wa matangazo, lakini kona ya shuka huandikwa na kampuni yenyewe. Wakili akagonga meza kwa kijiko, akasema shahidi ameaminika.

Mwanangu peke yake ndiye hakucheka. Alisema mashuka ni sawa, ila Kubwa ina njia nzuri zaidi. Akarudia mara mbili neno njia, na kidole chake kikafunika mstari wa tatu wa ratiba. Mdogo wangu, mstari huo nilikuwa nimeuona tangu Jumamosi ya kwanza. Jina la mji wetu naweza kulisoma hata likiwa limepinduliwa. Nililiona, nikafunga kijitabu, nikaomba wiki moja.

Binti yangu alimtazama kaka yake, akanitazama mimi. Wagonjwa wake ni watoto. Amezoea watu wasiosema panapouma. Akalikunja shuka mara nne, pindo kwa ndani, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo kuliko Wakili, akaniuliza:

"Baba, ni mashuka au ni bandari?"

Ningeweza kukataa. Nilimwambia kwamba mashuka ni kweli, na bandari ni kweli zaidi.

Nitakuandikia yale niliyowaambia, maana wewe ndiye uliyestahili kuyasikia kwanza. Unakumbuka nilivyotoka. Lango la mizigo, karatasi yenye mhuri wa safari moja, mama amesimama nyuma ya seng'enge akinielekeza kwa mikono nifunge kola, na wewe umemshika kiuno. Karatasi ile haina nguvu tena, najua. Sheria imebadilika na waliotia mhuri wamekufa. Lakini fikiri siku yenyewe. Saa mbili asubuhi ningeteremka na kadi ya mgeni shingoni. Tungelia mpaka saa nne. Tungekwenda kwenye kaburi la mama, tungekula kidogo, ungenionyesha palipokuwa na duka la vitabu nililokuwa nikishinda, ambapo mwanangu ameniambia sasa ni maegesho ya magari. Halafu saa kumi honi ya meli ingelia, nami ningekuacha langoni, langoni palepale, nikapanda ngazi kwa miguu yangu, bila askari yeyote kunisukuma.

Kuondoka kwa kufukuzwa nimekuweza. Kuondoka kwa hiari yangu, kwa sababu honi imelia na chakula cha jioni kinaanza, sikuwezi.

 Wakili alikiweka kijiko chini. Mwanangu aliinuka akatoka kwenda ngazini, tukamsikia akishuka mpaka ghorofa ya pili na kusimama, palepale ninaposimama mimi na funguo zangu. Nilielewa. Alikuwa amekuahidi, na mtoto huyo hajawahi kumwahidi mtu lifti bila kurudi kuitengeneza. Nilijiona nimemvunjia mwanangu heshima mbele ya shangazi yake, na zawadi yake nimeirudisha na kasoro.

Alirudi baada ya robo saa hivi. Hakukaa. Akauliza akiwa bado mlangoni, kwa sauti ile anayoulizia vipuri:

"Shangazi ana pasipoti?"

Binti yangu akasema huna, ila pasipoti hutengenezwa. Wakili akasema hana pingamizi. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Basi hivi ndivyo tulivyoamua, na ndiyo maana barua hii ni ndefu. Tunasafiri na Ndogo. Tumepata vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha mwanangu na mkewe, cha pili ni changu na mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye amekubali kulala na mzee anayesoma mpaka usingizi umkute na kitabu usoni. Cha tatu kina vitanda vitatu: cha binti yangu, cha Wakili, na cha tatu kimeandikwa jina lako. Wakili anakoroma. Atakana, usimsikilize. Lifti inafika mpaka mlangoni pa chumba chako, na mwanangu anaijua mpaka jina la fundi aliyeikagua, kwa hiyo goti lisiwe kisingizio.

Najua utasema hujawahi kutoka. Miaka yote hii ulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa mtu. Ulimuuguza baba, ukamuuguza mama miaka tisa, ukamuuguza mumeo. Mimi huku nilisifiwa kwa ujasiri wa kuondoka. Hakuna aliyekusifu wewe kwa kubaki. Nimewaeleza wanangu na mjukuu wangu mara nyingi nani hasa aliyebeba nyumba yetu, na Wakili ametoa hukumu kwamba unastahili kitanda cha dirishani. Sasa hakuna wa kumuuguza. Njoo.

Mwanangu atakupigia simu Alhamisi kuhusu pasipoti na tikiti ya ndege. Tafadhali usimwambie nimekueleza habari za ngazini. Mwache yeye akwambie kwamba mipango imebadilika kidogo, nawe ushangae vizuri. Nguo ya samawati uje nayo, na sweta juu yake. Tutakupokea uwanja wa ndege sote, na baada ya visiwa utakaa nasi siku zozote utakazotaka. Siku ya kurudi kwako nitakusindikiza mpaka mwisho wa mahali wanaporuhusu wasindikizaji. Nitasimama hapo, na nitakuelekeza kwa mikono ufunge kola. Mara ile ulibaki wewe. Safari hii ni zamu yangu.

Nisalimie wanao wote wawili, uwaambie nawaomba mama yao kwa mwezi mmoja tu na nitamrudisha mzima. Msalimie binamu yetu Mrefu, kama bado anabishana na redio. Msalimie jirani yako fundi viatu, na mwambie kiatu alichonishonea mwaka ule kilidumu miaka kumi na minne katika maji ya kiwandani. Ukienda kwa mama, ng'oa majani kwa niaba yangu, umwambie kola nimefunga.

Mungu akulinde, alinyooshe goti lako, akufikishe kwetu ukiwa na afya na maneno mengi.

Na lile swali unaloliweka mwishoni mwa kila barua, ambalo kwa miaka arobaini na tatu nimelijibu kwa kusema tutaona, leo nalijibu, ili usisubiri tena jibu langoni: sitarudi.

Kaka yako akupendaye, na anayekungoja.