Mama Violet, Uko?

Mama,

Jumamosi baada ya kukuzika, Mama Beti, mteja wako, alifika nyumbani Khwisero na tenga lake la kubebea kuku. Huko Mautuma habari za kifo chako hazikuwa zimemfikia. Alikuwa ameandika kwa simu yako, "Mama Violet, uko?" akajibiwa, "Niko. Kuja Jumamosi, ingokho ziko." Akaja kuchukua kuku, akakuta udongo wa kaburi bado mbichi.

Aliniinulia simu usoni. "Lakini ameniambia yuko." Kisha akaketi chini akalia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye Mjomba alisema ninafuga mzimu wa mama yangu ndani ya simu.

Unajua kwa nini niliiunda ile programu ya simu iliyomjibu Mama Beti. Ulikuwa peke yako: wewe wa kulisha, wewe wa kuuza, simu inalia na mikono imejaa pumba. Nikataka ijibu wateja yenyewe, ipokee oda, ipange siku ya kuchukua kuku, wewe usisumbuliwe. Nikaifundisha kwa jumbe zako za zamani. Hata pale ulipoandika "mayai ya kuraria" badala ya "kulalia" sikusahihisha. Ulicheka, ukaniuliza, "Sasa hii itaongeanga hata mimi nikirara?" Ndiyo, Mama. Iliongea. Kwamba mwenye biashara anaweza kufa, hilo halikunijia kichwani.

Hata baada ya Mama Beti sikuweza kuizima. Nikiwa kazini Kakamega mjini nilikuwa naiandikia, "Mama, uko?" ili tu nisome "Niko." Ni ujinga, maana programu yenyewe niliiandika mimi. Lakini maneno yalikuwa yako, na sina mahali pengine pa kuyapata.

Jana niliizima. Kwanza niliiuliza mara ya mwisho. Ikajibu "Niko" kama kawaida, kisha ikaniuliza nataka kuku wangapi. Haikunijua, Mama. Nimelia vibaya sana.

Leo asubuhi mteja wako wa Bukura ameandika, "Mama Violet, uko?" Nimemwandikia mwenyewe: "Hayuko. Alituacha."

Kila atakayekuulizia nitamwambia hivyo, kwa mkono wangu, hata kama kila mara nitakuwa nakuzika upya. Kuku wako nitawalisha.

Pumzika sasa, Mama. Mimi niko.

Violet