Nimewatimua Matapeli wa Gari, Baba Kaninunia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana vita nimeshinda lakini nyumbani hakukaliki.

Mimi ni Lukresia, naishi Ruhuwiko hapa Songea na baba yangu, Mzee Romanus, ambaye macho yamefifia na daktari kamkataza kuendesha, kwa hiyo mwenyewe akaamua kuuza Land Rover yake ya zamani ili hela itakayopatikana impeleke kutibiwa macho, basi tangazo likazunguka kwenye simu za watu, wakaja wanaume wawili tusiowajua, wamevaa vizuri, shikamoo baba hii na shikamoo baba ile, na wewe unawajua wazee wa kwetu, mtu akishavuka kizingiti si mnunuzi tena, ni mgeni, anachinjiwa jogoo, na kumdai mgeni kitambulisho huku anakula ni tusi kubwa. Kabla ugali haujapoa wakaomba kadi ya gari wakatoe kopi, na ufunguo wakajaribu injini mpaka barabara ya Tunduru, wao wawili peke yao, eti baba asisumbuke, na baba akatoa ufunguo mfukoni kama anayempa mtoto pipi, mshauri, nikaupokonya mkononi mwake nikauficha kifuani mbele yao, baba akasema, “Lukresia, unanivua nguo mbele ya wageni?” nami nikajua nikitamka neno wezi nimekwisha, nikamjibu, “Hapana baba, ila wageni wako hatujawatambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgeni hutambulishwa, sasa wasihangaike, nimeshampigia, anakuja mwenyewe na mgambo kuwasalimu.”

Weee! Mmoja akakumbuka kwenda kununua soda, mwenzake akatoka kumwonyesha duka, na wote wawili Ruhuwiko hawaijui! Hawajarudi mpaka leo. Jogoo tumemmaliza sisi. Baadaye tukasikia kuna mstaafu mtaa wa pili alishatapeliwa pikapu yake na watu wa sura hizo hizo, kwa maneno hayo hayo ya kopi, na sasa nikipita sokoni naitwa Kamanda.

Lakini baba hasemi nami. Asubuhi anawasemesha mbuzi, mimi ananipita. Jumamosi anakuja mnunuzi mwingine, Bwana Abdulatifu, mkulima wa korosho kutoka Tunduru, na baba ameniamuru siku hiyo nikashinde kwa shangazi kule Lusewa nisije nikamwaibisha tena. Je, niende nimwache peke yake, macho yenyewe hayo, au nikatae nimkosee mara ya pili?

Lukresia, Ruhuwiko

MSHAURI ANAJIBU

Lukresia mwanangu, kwanza pokea pongezi. Nilipofika kwenye soda nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Umewafukuza wezi bila kuwaita wezi, tena kwa desturi ya baba yako mwenyewe. Safi sana.

Sasa nikukaripie. Unampokonyaje mzee ufunguo mkononi mbele ya watu? Kama neno la mwenyekiti ulikuwa nalo mdomoni, mkono ulitangulia wa nini? Kwa hilo piga magoti, omba radhi, na usitie “lakini” katikati. Kwa kuwatimua usiombe radhi hata kidogo.

Lusewa huendi. Lakini Jumamosi usikae pale kama askari wa zamu. Mauziano yanahitaji shahidi, kwa hiyo mwombe baba akuteue wewe. Bwana Abdulatifu mpokeeni vizuri, hajamkosea mtu, na mnunuzi mwema hachukii kupelekwa kwa mwenyekiti, maana hata yeye anataka kujua gari si la wizi. Akitaka kulijaribu, fundi mnayemwamini akae pembeni yake. Kadi yenyewe isitoke nyumbani mikononi mwa mtu mwingine. Kopi toeni ninyi mapema. Malipo yafanyike benki, baba akiwepo, na ujumbe wa kuonyeshwa kwenye simu ya mtu msiuamini: aulizwe karani kama hela imeingia. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria, kisha mhamishe umiliki haraka, kwa sababu gari likigonga mtu huko Tunduru likiwa bado na jina la baba, polisi watabisha hodi kwenu. Haya yote mkumbushe asubuhi mkinywa chai, mgeni akifika ayaseme yeye mwenye nyumba.

Jambo la mwisho. Nilipiga namba uliyoiacha ili nikuulize kama niandike jina lako gazetini. Akapokea mzee, akasema uko shambani, simu umeiacha kwenye chaji. Alidhani mimi ni mwenzako wa kwaya, na kabla sijajitambulisha akaanza kunihadithia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: “Wanaume wawili, mama! Wamekimbia wameacha paja la kuku! Huyo ni binti yangu wa kumzaa, Songea yote hii hakuna mwingine!” Anasema jumuiya nzima ya kanisani ameshawapa habari hiyo, na kila Jumapili wanamwomba arudie. Kwenye jina nilipata jibu langu: hakuna tena wa kumficha.

Akanisihi nisikuambie, utavimba kichwa. Mimi sikumwahidi.