Siku Mia Nne Bila Kuzimwa

Voi, Jumatatu

Kwako dada Wakesho,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na vumbi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kifua cha mtoto Valentine kimepona na hiyo baridi ya Mwanda. Mimi mwili ni mzima. Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Dada, mara tatu nimekupigia nikaishia kuuliza habari za mahindi. Ndiyo maana nimempa Kituku wa matatu barua akuletee mkononi.

Uliniambia kila kitu cha ukumbusho wa Mama kiko tayari: spika umeziomba kanisani, na jamaa wa Mbololo wanakuja Jumamosi kusikia sauti zake tulizomrekodi. Basi ni kuhusu hizo sauti nataka kukueleza.

Unajua nilizihifadhi kwenye kompyuta kubwa ya duka letu la picha, pamoja na video za harusi za watu. Ndani yake kuna kernel, yaani kiini cha mfumo, kinachogawia programu nafasi za kumbukumbu. Juzi juzi ilitangazwa kwamba kiini hicho kina kasoro: programu ikisharudisha nafasi, bado inaweza kuingia humo. Ni kama mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo, na chumbani ameshaingia mwingine. Mwizi akiijua kasoro hiyo, anaanza na akaunti ndogo tu na kuishia kuitawala kompyuta nzima.

Ndivyo ilivyotokea. Mtu aliiba nywila ya Peris, msichana wetu wa mapokezi, akapitia hapo na kufuta kila kitu, hata diski ya akiba niliyokuwa nimeiacha imechomekwa. Bosi alimfokea Peris mbele ya wateja, akamwambia asirudi tena. Alilia, maskini, akiapa hajui kitu. Nami nilijifanya nakagua nyaya nyuma ya kompyuta.

Sasa nisikilize, na ukitaka kunitukana, nitukane. Kosa si la Peris. Marekebisho ya kasoro hiyo yalitoka wiki mbili kabla ya wizi, na nilikuwa nimeshayaweka. Yalihitaji tu niizime kompyuta na kuiwasha tena ndipo yaanze kazi. Sikuizima. Ilikuwa imekaa siku mia nne bila kuzimwa, hata wiki ile tuliyomzika Mama, na kila asubuhi niliandika hesabu hiyo ubaoni, nikijigamba kwa mafundi wenzangu kwamba Voi nzima hakuna anayenifikia. Jamani, ubao tu!

Na ni mimi niliyekuambia ufute sauti za Mama kwenye simu yako upate nafasi, nikasema kwangu ziko salama. Hazipo tena, dada. Nimezitafuta hadi macho yamevimba.

Kesho nitamwambia bosi ukweli, Peris arudishwe kazini. Ijumaa nitapanda huko. Jamaa usiwaambie kitu, nitasema mwenyewe.

Ile sauti ya mwisho naikumbuka yote. Mama anakohoa, halafu ananiuliza kwa Kidawida kama hiyo mashine yangu huwa haipumziki. Nasikika nikicheka, nikimjibu kwamba ni mwezi mzima sasa haijazimwa. Naye anasema, izime kidogo, mwanangu, uje nyumbani.

Nisalimie shemeji, na Valentine mwambie mjomba anakuja.

Ni mimi mdogo wako, unisamehe,
Lewis