Kukhu, Wanaolalia Hawakusumbuliwa

Kukhu wangu, nyanya yangu,

Nywele zimeanza kuota tena. Ungenipapasa kichwa sasa hivi ungesema nimefanana na kuku anayebadilisha manyoya, kisha ungecheka peke yako kabla mimi sijaelewa. Siku ya kunyoa baada ya matanga yako, binamu zangu walikatwa kidogo tu pale mbele kwa makasi, maana wana kazi za ofisini huko Kakamega mjini na hawataki maswali. Mimi nilimwambia kinyozi apitishe wembe mpaka mwisho. Nilifikiri hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kumbe taabu ya kichwa hicho ilikuwa inanisubiri huku, na nitakueleza.

Nakuandikia nikiwa kwenye Jiwe. Wewe ulikijua kisiwa hiki kwa simu tu, na kwa zile picha ulizokuwa ukiziangalia kwa jicho moja, lile zima. Wavuvi wa huku hawajakipa jina lingine, ni Jiwe tu. Matumbawe matupu yanayokata kiatu, hakuna mtu, hakuna maji ya kunywa, hakuna mti wa kuitwa mti. Kaa wanakimbia upande upande. Chaza wameng'ang'ania mwamba kama wenye hati ya shamba. Kuna korongo mmoja mweusi anayesimama peke yake kwenye ncha ya mashariki, amevimba kama mwenyekiti wa kamati ya shule. Halafu upepo wa kusi ukivuma wanafika wenyewe, buabua, ndege weupe wenye kofia nyeusi, kutoka baharini mbali huko nisikokujua, na wanajaza mahali pote kelele.

Unakumbuka nilipokuambia kwamba hawajengi kiota? Kwamba yai linawekwa juu ya jiwe tupu, kama mzigo mtu aliousahau stendi? Ukasema, "Hata nyasi hawawekangi? Mama gani hao?" Wewe uliyekuwa ukimtandikia kuku wako matambara chini ya kitanda chako, ukaweka alama ya makaa kwenye kila yai ili akitaga jipya ulijue, na usiku ukikohoa unamwomba msamaha.

Huko kwetu Butali walinicheka, najua. Walisema nimesomeshwa kwa miwa ya babu halafu nimekwenda kuchunga ndege ambao hata si wa mtu. Mama mmoja wa sokoni alikuuliza mbele ya watu ninafanya kazi gani hasa, akitaka uaibike. Baba mdogo Wafula ndiye aliyenisimulia ulivyojibu. Uliweka chini kapu lako la kuku, ukajifunga leso vizuri, ukasema, "Mjukuu wangu ni gavana wa kisiwa. Na huko hakuna mtu wa kumpinga." Soko zima likaangua kicheko, lakini kicheko kilikuwa kimehamia upande wako. Tangu siku hiyo nikija nyumbani naitwa gavana hata na wapakia miwa. Nilijifanya nakasirika. Nilikuwa nafurahi sana, Kukhu.

Gavana mwenyewe alianza vibaya. Msimu wangu wa kwanza kunguru walipokuja kuiba mayai nilifanya nilichokuona ukifanya maisha yangu yote mwewe akizunguka juu ya vifaranga. Nilichukua kifuniko cha sufuria na mwiko nikagonga, nikapiga ile kelele yako ya "Huuu! Nenda kwenu!" Kunguru hawakwenda kwao. Buabua ndio waliruka, wote kwa pamoja, na mayai yakabaki wazi kwenye jua. Kunguru wakashuka taratibu kama wageni walioitwa mezani. Nilikupigia simu nikilia. Ulicheka mpaka ukapaliwa, ndipo ukasema, "Kuku wangu ananijua. Hao hawakujui. Kaa chini wakujue."

Basi nilikaa. Nilikaa juu ya mwamba ule mpaka nikawa sehemu ya mwamba, nikijongea kidogo leo na kidogo kesho, mpaka nikaweza kupita katikati yao kumfuata kunguru na hakuna aliyeinuka. Hakuna cheti kitakachonipa fahari ya siku ile.

Watu walikuwa wagumu kuliko kunguru. Nahodha Athumani, mwenye ile boti ya bluu, alikuwa akija na ndoo kuokota mayai, kama baba yake alivyokuja na kapu. Sikuwa na nguvu za kumzuia, basi nikamsimulia habari zako. Nilimwambia kwetu zamani mwanamke hali kuku wala yai, kuku ni wa wanaume, na firigisi ni ya mwenye boma. Nikamwambia kanisa lilikuja, wasichana wakaanza kula, na nyanya yangu akabaki vilevile, si kwa kuogopa mtu, ila kwa sababu anasema hawezi kula aliowalea. Amefuga kuku tangu aolewe na hajui ladha ya yai. Athumani akaniuliza kama hata mandazi yenye mayai huli. Nikamwambia unakula, tukikuficha. Alicheka akashika mbavu. Kisha nikamwambia sheria ya nyumba yako: kuku anayelalia hachinjwi, hata aje askofu. Siku hiyo aliondoka na ndoo tupu. Akaanza kunisalimu kwa kuniuliza, "Bibi wa mayai hajambo?"

Hukuwa umeugua hata kidogo simu ilipokuja. Wafula alisema tu, "Nekesa, Kukhu ametuacha." Bahari ilikuwa mbaya. Mwenzangu wa kazi, Mwanaisha, alikuwa amejifungua, yuko kwao na mtoto mchanga, kwa hiyo kwenye Jiwe nilikuwa peke yangu, na mayai yalikuwa ndiyo kwanza yamejaa kila mahali. Athumani alipokuja na boti kunichukua alinikuta nimekaa chini nimeshindwa hata kufunga begi. Nikiondoka, kunguru na wenye ndoo watamaliza msimu mzima. Nisipoondoka, wewe utazikwa bila mimi. Nilimwambia sijui la kufanya. Athumani akanitazama, akasema, "Nenda kamzike bibi yako. Nitakaa mimi. Alaliaye hasumbuliwi." Hata maneno yako ameyageuza ya kipwani, unaona. Alimpa kijana wake usukani anivushe, yeye akabaki juu ya mwamba na turubai lake.

Nilifika Butali umeshaletwa nyumbani, uko sebuleni, umevikwa ile nguo ya Umoja wa Akina Mama. Watu walikuwa wengi. Kukhu, walikuwa wengi mno, mpaka hata matrekta ya miwa yalipofika kwenye kona yetu yalipunguza mwendo. Lakini wengi wanakula, na kuku wako walikwisha mmoja baada ya mwingine. Wakwe kutoka Matete walipotangaziwa kwamba wanafika, Wafula akaingia chumbani kwako na kisu. Alikuwa amebaki yule mwekundu chini ya kitanda, anayelalia, na mayai yake yana alama zako za makaa.

Nilisimama mlangoni. Mimi, mtoto wa juzi, mbele ya baba yangu mdogo na wazee wa ukoo. Wafula akaniambia, "Toka hapo, hii si kisiwa yako." Nikamwambia, "Anayelalia hachinjwi. Hiyo ni sheria ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba bado yuko sebuleni." Wafula aliangalia sebuleni ulikolala. Akakiweka kisu juu ya kabati, akakaa kwenye kitanda chako, akalia kama mtoto, na yule kuku chini yake hata hakusogea. Baadaye alitoka akaenda kuomba kuku kwa jirani.

Jioni tulipokula obusuma, ugali wetu, baada ya kukuzika, Wafula alikuja na kisahani kidogo kimefunikwa. Ndani kulikuwa na firigisi. Akaniwekea mbele, wazee wakiona. Mwanamke, tena mdogo wao wote! Mzee mmoja aliguna, mwingine akamwambia amwache gavana ale. Nilikula. Ilikuwa ngumu kidogo, na machozi yaliongeza chumvi, ila niliimaliza yote kwa ajili yako ambaye hukuwahi kupewa.

Siku ya kunyoa simu ilinipata nikiwa bado na sabuni kichwani. Ilikuwa Athumani. Alipiga kelele kushinda upepo, akasema maji makuu yamechukua mayai ya upande wa chini, yale ya karibu na chaza, na kwa hayo hakuwa na la kufanya. Kunguru wamejaribu, wameshindwa. Boti moja imekuja na ndoo na ameirudisha. "Nimemfukuza shemeji yangu mwenyewe," akasema, "na mke wangu hasemi na mimi. Lakini mwambie bibi, wanaolalia hawakusumbuliwa." Nilitembea na sabuni yangu mpaka kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, nikakuambia. Kama ulisikia, samahani kwa kurudia. Nataka iandikwe.

Nilirudi huku na kichwa kinang'aa. Na hapo ndipo nilipoogopa, Kukhu, kwa sababu miaka yote hii buabua wamenijua na nywele zangu kubwa, na sasa anakuja mtu mwenye kichwa kama yai. Wakiruka wote, kazi ya Athumani imepotea kwa dakika moja, na ni mimi nitakuwa nimeipoteza. Nilifikiria kujifunga leso. Kisha nikaona hapana, sikunyoa ili nikufiche. Nikashuka kwenye boti, nikatembea polepole, nikakaa mahali pangu pa siku zote. Mmoja aliyekuwa karibu aliinua shingo, akanitazama kwa jicho moja kama ulivyokuwa ukitazama picha. Mabawa akayafungua kidogo.

Akayafunga. Hakuna aliyeinuka.

Nilikaa pale nikalia kimya kimya, nisije nikawatisha. Wananijua, Kukhu. Siyo nywele walizokuwa wakizijua.

Sasa makinda yanaruka. Yanaanguka, yanainuka, yanagombana na upepo, na mengine yameshakwenda na mama zao baharini. Yule mwekundu naye ameangua. Wafula alinitumia video, vifaranga vinapita kando ya kaburi lako vikichakura udongo, na Wafula mwenyewe, mzee mzima, anakimbia na kifuniko cha sufuria akimpigia mwewe kelele kwa sauti yako. Nimeiangalia mpaka simu ikaisha chaji.

Basi lala salama, mama wa kuku na bibi wa mayai. Nakuahidi mambo mawili. Huko nyumbani kuku anayelalia hatachinjwa nikiwa hai, hata aje askofu na gavana wa kweli. Na huku, kusi ikivuma tena, watanikuta nimekaa. Mwanaisha anauliza kama mtoto wake tunaweza kumwita jina lako, jina la Kiluhya kwa msichana wa pwani. Nimemwambia aliite kwa sauti, ili ndege walizoee.

Mjukuu wako anayejivunia wewe,
Nekesa, gavana wa Jiwe