Neno Nililolisema Mnadani

Lushoto, 9 Februari 2025

Mwanangu Jackline,

U mzima huko Kwamkoro? Kuchuma chai hakujakuchubua vidole? Sisi ni baridi tu, na baba yako anakohoa huku akikataa sweta, shauri yake.

Nakuandikia maana kwenye simu nitalia. Umoja wa wanawake tulikwenda kupimwa mlango wa kizazi. Nimekutwa na saratani, bado changa, na matibabu naanza wiki ijayo. Nesi akauliza, "Binti yako alichanjwa kujikinga na saratani hii?" Nikasema ndiyo. Nimedanganya.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne, siku waliyokuja kuchanja shuleni, nilimwambia mwalimu una homa, nikakupeleka kupalilia kabichi. Kabichi hazikuwa na haraka. Niliogopa sindano ingekufunga kizazi. Nani aliniambia? Mtu wa sokoni, hata jina simjui. Nesi anasema mtu mzima naye huchanjwa. Nenda, mwanangu.

Mama yako, Yusta

Lushoto, 16 Machi

Jackline, wiki tano kimya. Nachomwa mionzi, natapika, lakini kimya chako ndicho kinanikosesha usingizi. Una haki. Umekwenda lakini?

Mama

Kwamkoro, 11 Mei

Mama, shikamoo.

Matibabu yanaendeleaje? Unakula? Mwambie baba avae sweta.

Nimekasirika, sifichi. Siku ile nilifurahi kukosa shule, nikakuimbia pambio tukipalilia. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimechanjwa. Ilinibidi niende Tanga mjini. Jana nimechomwa ya pili, ya tatu ni tarehe kumi Septemba. Shuleni zingetosha mbili. Muuguzi Sharifa kaniambia wazi kwamba ukubwani haikingi vizuri kama utotoni, lakini inasaidia, na umri ukifika nipime vilevile.

Ila nakumbuka Jumapili ya kabla ya siku ile ya kabichi. Baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno, ulishika jogoo ukatangaza, "Anayetaka wajukuu asipeleke binti kuchanjwa!" Wanawake wakacheka. Baadaye nikasikia siku ya sindano Eliza wa mama Alen naye hakwenda shule. Wala Janeth. Mimi umeniandikia, mama. Wao amewaandikia nani?

Mwanao, Jackline

Lushoto, 29 Juni

Mwanangu, usinisukume huko. Mimi ni mzee wa kanisa! Jumapili tatu nimekwenda mnadani nikiwa nimejiandaa kusema, na Jumapili tatu nimenunua kabichi nikarudi nazo nyumbani. Sisi tunalima kabichi, Jackline. Baba yako ananishangaa.

Mama

Lushoto, 1 Septemba

Jackline wangu,

Hujambo? Hukunijibu, nami sikuuliza kwa nini.

Jana nimesema. Niliomba jogoo, nikamshika kama siku ile ili wakumbuke. Nikasema, "Sindano ile niliichafulia jina mimi, na wangu nikamficha shambani. Mlionisikiliza, nisameheni. Mabinti waende wakaulize, hawajachelewa. Nasi wakubwa tukapime." Mzee Fanueli aliyekuwa akinadi akasahau hata kuita bei. Mama Alen alijifunga kanga akaondoka, na leo asubuhi salamu yangu hakuiitikia.

Njiani Eliza akanikimbilia, mtoto mgongoni. Nikajua natukanwa. Akasema, "Shikamoo mama Jackline. Zinachomwa wapi?" Jamani! Nililia pale barabarani, akanibembeleza yeye.

Janeth ameolewa Zirai, huko upande wako. Hii karatasi ya pili ni yake. Sikuifunga, uisome kwanza. Kama ni mbaya, niambie niandike upya.

Mama yako

Kwamkoro, 11 Septemba

Mama, shikamoo.

Nilikwenda Zirai juzi. Barua sikuisoma, ni yake.

Janeth aliisoma amesimama mlangoni, akairudia. Nilisubiri aichane. Akauliza, "Mama yako anaendeleaje?" Nikamwambia matibabu yameisha, tunangoja majibu. Nikasikia mumewe akikata kuni nyuma ya nyumba. Akaikunja barua, akaitia kwenye Biblia, halafu akavaa viatu.

Jana tulikuwa Tanga. Mimi ya tatu, yeye ya kwanza. Alinishika mkono wakati wa sindano, akauminya mpaka ukauma.

Mwanao,
Jackline