Jitu la Darajani Lilipisha

Shangazi,

Hukusema uongo. Lilipisha. Lile jitu la darajani lilisogea pembeni na rungu lake, nami nikavuka taratibu kama mtu anayetoka kanisani, bila hata tone la damu.

Ona sasa, nimeanza bila salamu. Ningekuwa mbele yako ungeniacha nimalize, halafu ungesema, "Sawa. Sasa toka nje, uingie upya." Basi nimetoka, nimeingia. Shikamoo Shangazi. Habari za huko? Za hao uliowakuta? Babu hajambo? Sisi hapa Omurushaka wazima. Mvua imekuja vizuri, maharage yanaingia dukani gunia juu ya gunia, na senene mwaka huu wameanguka mpaka watu wamechoka kuwanyonyoa. Nilikukaangia sahani moja nzima, nikaila mwenyewe kwa niaba yako.

Barua hii naiandika kwa mkono. Ningeichapa ungenihesabia makosa.

Watu wa Rubwera walikujua kama yule mama wa miwani aliyekuwa anachapa barua za ofisi bila kutazama vidole. Ulipostaafu walitegemea ufuge kuku. Kuku ukafuga, lakini ukanunua na kompyuta kuukuu ya mezani, na pamoja nayo ikaja sidi ya gemu ambayo mwenyewe wa kwanza aliisahau ndani. Gemu ya safari. Unaunda mtu wako, unampa jina na sura, unamtoa kijijini kwao na begi mgongoni. Huko njiani anatumwa, anadanganywa, anapigana, anaumwa, anapata marafiki, na taratibu anakuwa mtu. Maneno yote ni ya Kiingereza, nawe ukayasoma na kamusi mapajani mpaka ukafika mwisho. Kisha ukaanza upya. Ukafika tena, ukaanza tena. Mara saba, Shangazi! Mtu mzima, mzee wa kanisa, unarudia mara saba kitu ambacho mwisho wake unaujua!

Ulinifundisha mwenyewe, zile Jumapili nilizokuwa nakuja kukusalimia. Nami nikacheza kama ninavyouza dukani: haraka, anayefuata. Mtu akifungua mdomo kwenye kioo, nabonyeza kile kitufe kirefu cha chini maneno yake yapite. Unakumbuka yule bibi wa nyumba ya kwanza, anayempa msafiri kifuko cha mbegu mlangoni wakati anaondoka? Nilikuwa nakipokea, napiga hatua kumi, nakiuza kwenye duka la jirani yake nipate kisu. Ukafyonya. "Jovitha waitu, mpenzi wangu," ukasema, "hata mlango hajafunga."

Jumapili nne zilinitosha. Jitu la darajani nililiua kwa kile kisu, nikafika mwisho, nikakutangazia kwamba nimemaliza. "Umefika," ukasema. "Kumaliza bado." Nikakuona mzee unayependa kubishana.

Sasa niseme lile la Noeli, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tulikuwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la marehemu Babu kule Kituntu, ukoo mzima, masufuria ya ndizi na nyama yamepangwa, lubisi, ile pombe ya ndizi, inazunguka. Ukawa unawasimulia watoto wa baba mdogo kwamba lile jitu mtu anaweza kulipita bila kupigana. Mimi, mwuaji wake, nikacheka kwa sauti. "Shangazi, hilo umeliota. Mimi nimepambana nalo. Lile halina maneno, lina rungu." Watu wote wakacheka. Mmoja akasema ukabadilishwe miwani. Wewe ulichukua punje ya kahawa kwenye kile kikapu kidogo cha wageni, ukaitafuna polepole, ukanitazama. "Rudia," ukasema. "Utaona." Nikakujibu kwamba nina duka, sina muda wa kurudia mambo niliyokwisha kuyamaliza.

Masika ukaugua. Wiki moja tu, na tukarudi kwenye kibanja kilekile kukuzika. Sikuwa nimekuomba radhi. Nilijiambia ni gemu tu, nani anaomba radhi kwa ajili ya gemu. Lakini nilikuita mwongo mbele ya watu, wewe ambaye hata kuku hukuwadanganya kwa kuwaita bila mahindi mkononi. Neno hilo halikuniacha, Shangazi. Nilikuwa napima maharage ya mteja, nalikumbuka, napoteza hesabu.

Kompyuta walinipa mimi. Nilidhani nitaifungua tu, nizikute safari zako zote saba ulizozihifadhi, niingie mojawapo nione daraja lako likoje. Basi. Ilikuja Omurushaka kwa bodaboda, imefungwa kwa mipira, na ile barabara unaijua. Haikuwaka. Fundi akaifungua, akasema sehemu inayotunza kumbukumbu imekufa, akaweka nyingine. Safari zako zote zikaenda. Nilikaa juu ya gunia nikalia mpaka mteja aliyekuwa anataka kilo mbili akaondoka kwa kunyata. Iliyobaki ni sidi tu, ndani ya bahasha ya kaki uliyoichapia kwa herufi kubwa: ISIKUNJWE. Hapo nikacheka katikati ya kulia.

Kwa hiyo ushahidi haukuwepo tena. Ilibidi nirudie, kama ulivyosema.

Projesti alinikuta nimekaa mbele ya kioo Jumapili baada ya ibada. "Mke wangu, hiyo si ulishaimaliza? Unatafuta nini tena?" Siku hizi huyohuyo ndiye anayeleta kiti cha pili na chai ya maziwa. Kipanya hajui kukishika, lakini amri anatoa kama trafiki: "Kushoto! Kushoto, nimekwambia! Huyo mzee mpe dawa!"

Safari ya kwanza nilijaribu kulikimbilia jitu nipite chini ya mkono wake. Likanirusha mtoni. Ya pili nikaenda mikono mitupu, sina kisu wala fimbo, nikidhani labda linaogopa silaha. Likaniuliza nakwenda wapi, nikajibu lile jibu la juu kabisa, la "Nipishe", likanirusha mtoni vilevile. Projesti akasema labda Shangazi kweli aliota. Nikamrudisha jikoni na chai yake.

Ndipo nikaanza safari ya tatu, na safari hii nikaamua kucheza kama wewe, hata kama itachukua mwaka. Na Shangazi, nimeelewa! Mara ya kwanza mtu anatazama miguu yake tu. Anaogopa kufa, anaogopa kupotea, anataka kujua mwisho. Akirudia, anajua nyoka wako wapi, basi anapata nafasi ya kuinua macho. Mimi sikuwa najua kwamba mfua chuma anaimba mvua ikinyesha. Sikuwa najua kwamba yule binti wa kisimani, ukimrudishia mbuzi wake, atakuita kwa jina kila ukipita, mpaka mwisho wa gemu. Zamani nilikuwa naunda mtu wa upanga. Safari hii niliunda mwanamke mganga, dhaifu, begi limejaa majani, akipigwa mara mbili yuko chini. Ikabidi aombe watu msaada. Vijiji vilevile, njia zilezile, lakini nikajiona niko nchi nyingine kabisa.

Na nimeacha ule mtindo wangu wa kurudi nyuma kila ninapokosea. Ulikuwa unanikataza, "Kosea, endelea," nami nasema mzee huyu hajui raha. Nilimpa dawa mgonjwa siye. Mkono ukaniwasha nirudi nilikohifadhi, nikauzuia. Na hadithi ikachukua njia ya kichochoro ambayo sikuwahi kuijua, ikanipeleka kwa mjane mmoja mcheshi ajabu ambaye nisingekutana naye milele kama nisingekosea.

Watu wananiuliza raha iko wapi kwenye kitu unachokijua. Mbona ndizi na maharage tunakula kila siku na hakuna anayeuliza kama hatukushiba jana? Lakini kuna jambo moja bado sikubaliani nawe hata ukiwa huko uliko. Yale mapango ya katikati. Uyarudie mara moja au mara saba, yanachosha! Giza, popo, ngazi, giza, popo. Aliyeyatengeneza alikuwa na ugomvi na mtu. Wewe ulisema yana utulivu. Hayana, Shangazi.

Basi nikafika darajani. Mvua ilikuwa inanyesha, duka limefungwa, chai imepoa. Kifuko cha mbegu kilikuwa bado kwenye begi, kimekula nafasi safari nzima. Sikukibeba kwa akili yoyote, niliona aibu tu kukiuza, kama vile umesimama nyuma yangu.

Jitu likauliza nakwenda wapi. Majibu yakatokea manne. Nikashuka mpaka la mwisho kabisa, lile dogo ambalo sikuwahi kulisoma: kulisalimu. Nikalisalimu. Likaitikia. Nami nikategemea litainua rungu, kumbe maneno mengine yakafunguka: kuuliza habari za kwao. Nikauliza. Kisha habari za mguu wake unaouma. Kisha lina siku ngapi limesimama hapo, nani analiletea chakula, mvua inalinyeshea? Kidole kilikuwa kinawasha juu ya kile kitufe kirefu, nikakikalia. Swali, jibu, swali, jibu. Kwenye la kumi na moja Projesti akaruka: "Huyu si jitu! Huyu ni mtu wa Kituntu, salamu haziishi!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Hapo ndipo nilipojua wewe hukutafuta siri yoyote. Ulifika tu darajani, mara ya kwanza kabisa, ukamkuta mtu amesimama, na wewe hukuwahi katika maisha yako kuanza na shida yako kabla ya kumwuliza mtu ameamkaje. Wengine tuna haraka ndiyo maana hatukuona.

Halafu likauliza, "Umeniletea nini?"

Nikafungua begi. Nilikuwa na majani, kamba, mkate. Na kifuko. Nikalipatia kifuko. Likakishika kwa ule mkono mkubwa, likakinusa, likasema kinanukia nyumbani kwa mama yake.

Shangazi. Yule bibi wa mlango wa kwanza ni mama yake. Alikuwa anampelekea mwanawe mbegu za nyumbani, na mimi nikawa nauza mzigo wa mama nipate kisu, halafu kwa kisu hichohicho namwua mtoto. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, unajua yote haya, unafyonya tu!

Lilipisha. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na panga akidhani tumevamiwa. Projesti alimweleza, na yule jirani akakaa, akataka aonyeshwe tangu mwanzo.

Ng'ambo ya daraja, ile sehemu niliyoikuta tupu nilipofika na damu mikononi, kumbe ni kijiji. Wanawake wanaanika nafaka, mtu anapiga ngoma vibaya, watoto wanamfukuza jogoo. Mara ile walikuwa wananikimbia.

Jumamosi nikapanda gari mpaka Rubwera kumweleza rafiki yako Mama Skola. Kuku wako anao yeye, wamenenepa. Unajua alivyokuwa anakaa nawe anamenya ndizi huku wewe ukicheza, unamsomea kila kitu kwa Kinyambo kwa sababu yeye kusoma hajui. Nikampa habari yangu kubwa. Hakushtuka hata kidogo. "Aaa, yule mtoto wa bibi wa mbegu? Tulikuwa tunamsalimia." Akaendelea kumenya. "Wewe ndiye ulikuwa unamsalimia, mwanangu, mwana wanje. Si ulikuwa unaitwa Jovitha?"

Nikamwuliza anamaanisha nini. Akanishangaa kwamba sijui. Msafiri wako alikuwa anaitwa Jovitha. Safari zote saba. Nikauliza, hata ile ya baada ya Noeli? Akasema hata ile, na kwamba ulikuwa unacheka peke yako ukisema, "Jovitha wangu wa dukani ana haraka. Huyu wa humu nimempata, ana adabu."

Nilipokea ndizi na kisu nikaanza kumenya naye, maana sikujua niweke wapi uso wangu. Nilifurahi, Shangazi. Nililia pia, lakini nilifurahi zaidi.

Basi sikiliza ahadi yangu. Noeli hii, kibanjani, masufuria yakishapangwa na kikapu cha kahawa kikipita, nitasimama mbele ya walewale waliocheka na kusema kwamba mwongo hakuwa wewe. Nitawasimulia jitu tangu salamu ya kwanza, na asiyetaka kuamini nitamwambia maneno yako mawili, halafu nitatafuna punje yangu polepole.

Pumzika vizuri. Msalimie Babu, na mtu yeyote utakayemkuta amesimama njiani, ingawa hilo sina haja ya kukukumbusha.

Leo ni Jumapili na mvua inanyesha. Projesti ameleta viti, na jirani amekuja na chake. Tumeanza safari mpya, na msafiri nimempa jina lako, Alfonsina. Yuko mlangoni kwa bibi, kifuko kiko mkononi, njia iko wazi mbele yake. Bibi bado anazungumza, nami simkatizi.

Mwanao,
Jovitha